Fuvu la Lusinga huko Tervuren

Mjomba aliishi Brussels tangu enzi za Mobutu bila kukanyaga jumba la makumbusho ya Afrika la Tervuren, nje kidogo ya jiji. Alisema hawezi kulipa kiingilio akatazame vitu vilivyoibwa kwao. Mimi nilipofika Ubelgiji kusoma, nikitokea Kalemie, Kongo, nilimbembeleza hadi akakubali, tukapanda tramu namba 44 inayokatiza msituni.

Ukumbi wa mbele ni wa duara, na kutani zimepangwa sanamu zinazong'aa dhahabu. Mojawapo inaitwa "Ubelgiji ikiiletea Kongo ustaarabu": mmisionari amesimama wima, mtoto wa Kiafrika ameng'ang'ania kanzu yake, macho kayainua kwake. Jengo lilifunguliwa mwaka 1910, na vizazi kwa vizazi vya watoto wa Kibelgiji vimeletwa hapo na walimu wao. Ubaguzi walifundishwa bila tusi hata moja, kwa dhahabu na kwa kazi nzuri ya mikono. Uzuri wenyewe ndio ulioniuma.

Sanamu hizo haziondolewi kwa sababu jengo linalindwa kisheria. Basi wasanii wamejibu humohumo ndani. Aimé Mpane, mzaliwa wa Kinshasa, ameweka kazi mbili za mbao zinazotazamana: kichwa kikubwa cha Mwafrika na fuvu. Mbao zake zina uwazi, mwanga unapita katikati. Nikasoma kibao cha lile fuvu kwa sauti. Mjomba akanishika mkono.

"Lusinga? Huyu Lusinga wetu wa Utabwa?"

Utabwa ni nchi ya Watabwa, kwetu. Bibi yake Mjomba alikuwa akiwasimulia habari za Bwana Boma, Mzungu aliyejenga ngome Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika. Ndiye Émile Storms, mwanajeshi wa Kibelgiji. Habari za kichwa hawakuwahi kusimuliwa, na mimi shuleni Kalemie sikufundishwa chochote juu yake. Desemba 1884 watu wa Storms walimvamia chifu Lusinga, wakamuua, wakamkata kichwa. Storms akarudi kwao na mafuvu matatu: la Lusinga, la Maribu na la Mpampa.

Mengine tulisoma usiku ule, sahani za ugali zikiwa bado mezani. Mwaka 1886 daktari Émile Houzé aliyapima mafuvu hayo na kuwaeleza wataalamu wenzake wa Brussels, akidai kusoma tabia za watu katika umbo la mifupa yao. Mauaji ya kando ya ziwa letu yakawa sayansi. Mjomba alinirudisha kwenye aya hiyo mara kadhaa, kwa Kifaransa, kisha akaniomba nimfasirie shangazi kwa Kiswahili, maana yeye mwenyewe ilimshinda kuyatamka.

Lusinga aliteka watu na kuwauza, na sitaki kulificha hilo. Wapo waliolia kwa sababu yake. Storms angeweza kujitetea kwamba alipigana na biashara ya utumwa. Lakini kukomesha utumwa hakuhitaji kichwa cha mtu kisafirishwe hadi Ulaya kiwe pambo la ushindi.

Sanamu ya Storms iliyokuwa kwenye bustani moja ya Ixelles, Brussels, iliondolewa mwaka 2022. Shangazi alifurahi, ila furaha yake ilikuwa na sharti: fuvu lenyewe, ambalo lilihamishiwa Taasisi ya Sayansi Asilia mjini Brussels mwaka 1964, lirudi nyumbani likazikwe. Mjomba anataka kwanza majina ya wote watatu yaandikwe kwenye vitabu vya shule, huku na Kongo. Hubishana hadi leo kila tunapokutana Jumapili. Mimi nasema waanze kuulizwa watu wa Mpala, jamaa za marehemu, kabla wakubwa wa Brussels na Kinshasa hawajapeana mikono mbele ya kamera.