Kitinda, jogoo aliyelelewa sebuleni

Yai lilibaki peke yake kiotani. Mtetea wetu mweupe alikuwa ametimiza siku 21 za kuatamia, akaangua vifaranga wanane, na kesho yake mchana akashuka nao kwenda kuchakura. Yai la tisa nikalihesabu kuwa viza. Binti yangu wa miaka saba ndiye niliyemtuma akalitupe. Akarudi mbio amelibana sikioni: "Mama, linalia humu!"

Kweli lilikuwa na kitundu, kidogo kuliko punje ya mchele, na ndani mdomo unagonga. Watoto walitaka nimbandulie ganda atoke. Nilikataa, maana zamani niliwahi kufanya hivyo. Mishipa ya damu kwenye ule utando wa ndani inakuwa bado haijanywea, na ukiharakisha kifaranga anavuja damu akafia mkononi. Toka atoboe hadi atoke inaweza kupita siku nzima. Tukaliweka kwenye boksi chini ya balbu, pembeni kitambaa kibichi ili hewa isikauke. Alfajiri tukamkuta nje ya ganda, amelowa, hoi, hana hata haiba. Akaitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba.

Hapo ndipo nilipokosea. Usiku ule ule ningempenyeza chini ya mbawa za mama yake, gizani, huenda angeamka naye asubuhi bila kuhoji. Lakini watoto walisema "leo tu, Mama," na hiyo leo ikawa siku nne. Nilipompeleka, mama yake alikuwa ameshawazoea wanawe. Kulipokucha alimdonoa kichwani mpaka ngozi ikachanika. Nikamrudisha sebuleni, na sasa nilikuwa na mtoto wa ziada.

Kifaranga mmoja ana kazi kuliko kumi. Kumi wanapeana joto, huyu analitegemea kwako. Wiki ya kwanza anahitaji kama nyuzi 35 za Selsiasi, kisha unapunguza nyuzi tatu hivi kila wiki hadi manyoya yamfunike. Kipimajoto kilivunjika siku ya pili, nikawa namsoma yeye mwenyewe: akijikunyata chini ya balbu ana baridi, akijitenga ukutani huku ameachama mdomo, balbu ipandishwe. Kilio cha upweke ndicho kilichonishinda. Tulimwekea kioo kidogo na kipande cha sweta kuukuu. Alilala ameegemea kioo.

Watoto walimbusu mdomoni. Nilipiga marufuku siku hiyo hiyo, kwa sababu kuku mzima kabisa anaweza kubeba salmonela bila dalili yoyote. Nilibandika karatasi juu ya boksi: "Umemshika? Sabuni." Mwanangu mdogo wa miaka minne hajui kusoma, ila aliijua karatasi ile vizuri kuliko wote.

Mbwa wetu, Simba, alikuwa ameshaua vifaranga wawili mwaka uliotangulia, kwa hiyo sikumwamini hata kidogo. Nilimfunga kamba, nikakaa naye mita kadhaa kutoka kwenye boksi, dakika tano tano, mara mbili kwa siku. Akitazama kando, anapata tonge. Akikaza macho, tunaondoka. Mbwa anasisimshwa na kinachokimbia, na Kitinda hakuwa na sababu ya kumkimbia kwa kuwa hakuwahi kufundishwa kumwogopa. Mwezi wa pili nilimkuta amepanda mgongoni kwa Simba barazani, wote wamesinzia. Hata hivyo kamba haikutoka shingoni kwa miezi mitatu, na hadi leo simwachi mbwa peke yake na vifaranga wadogo.

(Mbuzi wetu hakuhitaji kufundishwa kupenda kuku, maana alipenda chakula chao. Alifungua stoo kwa pembe, akala nafaka hadi tumbo likajaa kama ngoma upande wa kushoto. Nafaka nyingi kwa mpigo inachacha kwenye tumbo lake la kwanza na kumjaza asidi. Daktari wa mifugo alimwahi. Stoo sasa ina komeo mbili, ya pili juu kabisa, asikofika.)

Kitinda alipofika wiki ya tisa nilianza kumrudisha kwa ndugu zake. Kundi la kuku lina ngazi zake, kila mmoja anajua anamdonoa nani na nani anamdonoa, na mgeni anaanzia chini kabisa. Niligawa banda kwa wavu, wakaonana bila kugusana kwa wiki mbili. Kisha usiku mmoja nikampandisha kwenye fito za kulalia, katikati yao. Asubuhi walimfukuza, lakini niliongeza chombo cha chakula na cha maji mbali na vile vya zamani, ili anayefukuzwa asilale njaa. Siku tatu za vurugu, basi. Nilidhani nimemaliza.

Akiwa na miezi mitano aliwika. Wiki iliyofuata alinirukia gotini.

Jogoo aliyelelewa mkononi haogopi watu, na homoni zikipanda anatuona washindani wake. Anashusha bawa moja, anajongea kiubavu kama anacheza ngoma, kisha anaruka na miguu mbele. Baba watoto alisema huyo aende jikoni, na sikuwa na hoja nzito ya kumpinga: macho ya mtoto wa miaka minne yako kimo kile kile cha mwiba wa mguu wa jogoo anaporuka. Niliomba wiki sita, na kwa muda huo mwanangu mdogo hakuingia uwanjani bila mtu mzima.

Teke halisaidii, kwake ni kukubali pambano. Kukimbia nako ni kumpa ushindi. Nilivaa buti na suruali nzito, akijongea nasimama, halafu namwendea polepole mpaka apishe. Akiruka, namnyakua, namweka kwapani na kuendelea na kazi naye hadi atulie. Watoto waliacha kumlisha kiganjani, na hilo liliwauma kuliko mdono wowote. Wiki ya nne alianza kunipisha njia mwenyewe. Sitamwahidi mtu kwamba kila jogoo atabadilika, wengine hawabadiliki, na huyu angemgusa mtoto hata mara moja ningemkabidhi kwa baba yao bila kusubiri wiki ya sita.

Juzi mwewe alipita chini sana. Kitinda alitoa ule mlio mkali, mmoja tu, ambao jogoo huutoa akiona hatari ya angani, na mitetea wote wakatoweka chini ya kichaka kama maji yaliyomwagika. Binti yangu akashangilia: amejua kazi yake! Tukamtafuta shujaa mwenyewe tumpongeze. Hakuwa kichakani. Alikuwa barazani, amejibanza tumboni kwa Simba, kichwa tu ndicho kilichochungulia.