Nani Alichoma Nyasi Hizi?

Mwaka 2012 nikiwa mwanafunzi California, asubuhi moja niliingia chumba cha kusomea cha makumbusho moja nikaomba kuona picha za Carleton Watkins, mpiga picha wa karne ya 19. Mtunzaji, mama wa makamo, alileta sanduku pana, akaondoa karatasi ya kinga polepole.

Nilitegemea picha ndogo. Hii ilikaribia ukubwa wa dirisha la nyumba yetu kule Longido. Watkins aliingia bonde la Yosemite mwaka 1861 na kamera ya vioo vya inchi 18 kwa 22, mizigo ikiwa migongoni mwa nyumbu. Enzi hizo kioo kilipakwa kolodioni, dawa ya majimaji yenye kunata, kikachovywa kwenye nitrati ya fedha, kikapigwa picha kingali kibichi, kisha picha ikasafishwa palepale ndani ya hema la giza. Dawa ikikauka, kazi imeharibika. Nilipomwaza akihangaika hivyo juu ya magenge nilimheshimu, na hadi leo namheshimu.

Picha zake zilioneshwa New York mwaka 1862. Tarehe 30 Juni 1864 Rais Lincoln, ambaye hakuwahi kukanyaga Yosemite, alitia saini sheria ya kulikabidhi bonde hilo kwa jimbo la California, litunzwe kwa ajili ya umma. Watu wa mbali walilijua bonde kwanza kwa picha, wakatamani kulifikia.

Lakini macho yangu yaliacha majabali yakashuka chini, kwenye nyasi. Uwanda ulikuwa wazi, miti mmoja mmoja, vichaka hakuna. Nimekua na wafugaji. Uwanda wa namna ile naujua.

"Samahani mama," nikauliza, "nani alikuwa anachoma nyasi hapa?"

Alinitazama kidogo, kisha akavuta kiti. Akanieleza habari za Waahwahneechee, wenyeji wa asili wa Yosemite, waliolichoma bonde mara kwa mara ili mialoni ipate nafasi, kwa kuwa mbegu zake ndizo chakula chao. Mwaka 1851 kikosi cha Mariposa, wanamgambo wa jimbo la California, kiliingia, kikateketeza vijiji na akiba ya mbegu hizo, kikawafukuza. Baadaye baadhi walirudi. Katika picha ile, iliyopigwa miaka 10 tu baada ya moto huo, sikuona hata mmoja. Anayeitazama huona pori ambalo halijaguswa, kumbe ni shamba la watu.

Nilishikwa na uchungu, kwa sababu kazi ya kuonesha nchi bila watu wake nami niliifanya. Kabla ya kusafiri nilichagua picha za vipeperushi katika kampuni moja ya utalii Arusha, na agizo lilikuwa moja: boma likionekana, kata, mchungaji akionekana, kata. Mgeni anataka nyika tupu. Nilikata nyingi, moja ikiwa na ng'ombe niliowafahamu kwa rangi zao.

Jioni nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Huko mvua ipo?"

Nikamsimulia ile picha. Alisikiliza kimya, kisha akauliza hao watu walikuwa na ng'ombe wangapi. Nikamwambia hawakuwa na ng'ombe.

"Hawana ng'ombe! Sasa walichoma ili wapate nini?"

Nikaanza kumweleza mwaloni ni mti gani, na jinsi mbegu zake zinavyosagwa unga. Salio likaisha kabla sijafika mbali.