Desemba Niliyotumwa Nyanya

Kwa Mchaga Desemba ni mwezi wa kwenda nyumbani, na Desemba ya 2022 mimi nilikwenda na mbwa anayeniongoza, maana sioni. Ndugu walishaambiwa kwenye simu. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ninacho, kibali cha kumwingiza nchini ninacho, na Nora mwenyewe alilala miguuni kwangu kwenye ndege mpaka KIA bila kubweka. Lakini kuambiwa na kuona ni mambo mawili. Mdogo wangu aliyekuja kutupokea alisimama hatua kadhaa kutoka kwenye mizigo, akaniita kwa mbali, "Dada, huyo amefungwa?"

Simlaumu. Tumelelewa na mbwa wa kufungwa mchana na kufunguliwa usiku, karibu wote wakiitwa Simba, na kazi yao ilikuwa kumng'ata wasiyemjua. Na mbwa asiyechanjwa anaua watu Tanzania mpaka leo. Mtu wa Moshi anayeruka mtaro akiona mbwa anamjia ana sababu zake.

Mimi niliondoka Moshi ninaona. Presha ya macho ilinikuta Marekani nikiwa mtu mzima. Inakula pembeni kwanza, ukija kushtuka imeshafika katikati, na ilichokula hakirudi. Nilianza na fimbo nyeupe, baadaye nikaomba mbwa Seeing Eye, shule iliyoko New Jersey inayofundisha mbwa wa kuongoza wasioona, iliyoanzishwa mwaka 1929. Unakaa pale bwenini, kila siku unatolewa na mbwa wako kutembea katika mitaa ya Morristown, mkono wa kushoto umeshika mpini mgumu uliofungwa kwenye mikanda yake ya ngozi, nyuma yenu mwalimu. Mbwa wa kwanza unalipa dola 150, gharama nyingine zinabebwa na wafadhili. Mjomba alipoipata hesabu hiyo kwa shilingi alisema kwa fedha hizo angeninunulia mbuzi wa Krismasi na chenji ingebaki.

Watu wengi wanadhani mbwa ndiye anayejua njia. Hajui. Hajui hata taa nyekundu maana yake nini. Njia naijua mimi, na wakati wa kuvuka naamua mimi kwa kusikiliza magari. Kazi yake ni shimo, nguzo, ngazi, tawi lililoinama usawa wa uso wangu. Natoa amri, anatii, isipokuwa akiona amri yenyewe itatuumiza. Hapo amefundishwa kugoma.

Nyumbani Majengo kilichonishinda hakikuwa mitaro wala mawe. Ilikuwa mikono. Nikiinuka kwenye kochi, mikono. Nikitaja maji, mikono mitatu inaleta kikombe kimoja. Shangazi alikuwa akinishika kwapani na kuninyanyua kidogo, kama anayehamisha mtungi uliojaa. Na kwetu kila mtu anatumwa. Kaka yangu ni bosi wa watu Dar es Salaam, lakini akifika Majengo anatumwa chumvi akiwa na kaptula, na anakwenda. Mimi tangu macho yaondoke sikuwahi kutumwa kitu. "Wewe kaa tu, mwanangu, umechoka na safari," Mama alikuwa akisema, safari yenyewe imeshasahaulika.

Krismasi ilipokaribia nikasema napeleka kitenge kwa fundi mjini.

"Unakwenda na nani?" Mama akauliza.

"Na Nora."

"Nauliza na mtu gani."

Mdogo wangu alinishusha na gari pale Mnara wa Saa. Alitaka anifuate polepole kwa nyuma. Nikamwambia akinifuata nitamwagiza Nora amng'ate.

"Si ulisema hang'ati?"

"Atajifunza leo."

Barabara ya Mawenzi inateremka kutoka Mnara wa Saa kuelekea sokoni na stendi. Niliipanda na kuishuka miaka yangu yote ya shule, kwa hiyo ramani ilikuwa kichwani, ingawa ya zamani. Nora hakuwahi kukanyaga pale. Jua la saa nne lilikuwa linanipiga shavu la kushoto, kwa hiyo tulikuwa tunaelekea kusini, sawasawa. Nikamwambia mbele, naye akaenda. Amri zake ni za Kiingereza, na watoto waliokuwa wanatufuata wakapiga kelele kwamba mbwa huyu anajua Kiingereza kuliko mwalimu wao.

Anayeujua mji wetu anajua baraza za maduka yale ya zamani. Moja iko juu, ya pili chini, ya tatu ina ngazi katikati, na kote mafundi wamepanga cherehani, wateja wamekaa kwenye vibenchi, vitenge vimetundikwa usoni mwa mpita njia. Kwa fimbo ningegonga kila mguu wa meza na kuomba radhi mpaka sokoni. Nora alipita katikati yao akipinda kushoto, akipinda kulia, akisimama kwenye kila ngazi mpaka mguu wangu uione, na mimi nikisikia cherehani zinanyamaza moja baada ya nyingine kadiri tunavyozifikia, halafu zinaanza tena nyuma yetu. Hakuna aliyesema neno mpaka mama mmoja alipoudaka mkono wangu wa kulia na kuanza kunivuta. Nora akasimama. "Asante mama, shikamoo, naomba niachie, yeye ndiye ananiongoza." Akaniachia, lakini kwa shingo upande, na nikamsikia akimwambia mwenzake kwamba Desemba wanakuja na mambo.

Tatizo lilikuwa pale baraza inapokatika kwa magari yaliyoegeshwa, ukalazimika kushuka barabarani. Pasipo njia ya miguu Nora amezoea kushika ukingo wa kushoto. Marekani magari yanapita kulia, kwa hiyo ukiwa ukingo wa kushoto yanakuja mnaonana uso kwa uso. Kwetu ukingo huohuo magari yanakutokea mgongoni. Mbwa hamjui anayemtokea nyuma, basi sehemu hizo masikio yangu ndiyo yaliyofanya kazi ya wote wawili. Nilimsimamisha mara kadhaa, honi zikapita, tukaendelea.

Fundi niliyemtafuta alikuwa palepale alipokuwa zamani, na mzaha wake uleule. Alinipima, akaandika, akasema zipu hana, iko duka la ng'ambo. "Ngoja nimtume kijana."

"Naifuata mwenyewe," nikasema.

Kuvuka nako kumegeuka. Kule gari la kwanza linatokea kushoto, upande aliko mbwa. Moshi linatokea kulia, upande wangu. Nilisimama ukingoni nikasikiliza. Daladala moja ikapita, bajaji mbili, kisha kimya kabisa. Nikamwambia mbele. Hakusogea. Nikarudia. Akarudi nyuma, mpini ukanisukuma tumboni, na palepale upepo ukanipiga usoni na mlio wa mnyororo. Ilikuwa bodaboda, inateremka kutoka juu huku injini imezimwa kubana mafuta, kama wanavyofanya wengi kwenye mteremko ule. Sikuwa na namna ya kuisikia.

"We mama, angalia!" dereva akapiga kelele akiwa ameshapita.

"Aangalie na nini?" fundi akamjibu kutoka barazani. "Umeshindwa na mbwa kuona!"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Mimi miguu ilikuwa inatetemeka. Nikampapasa Nora shingoni, nikamsifu kwa sauti bila kujali nani ananisikia, kwa sababu mbwa anayegoma vizuri lazima aambiwe papo hapo. Nikasikiliza upya, nikamwambia mbele. Safari hii akaenda. Kule darasani nilishasomeshwa habari ya mbwa kugoma, na Morristown walimu walitupitishia gari mbele kwa makusudi ili tuione. Lakini gari la mwalimu halikukusudia kukugonga. Kuanzia ile bodaboda nilianza kutembea na Nora bila kumkagua kila hatua, na nadhani naye alilijua hilo kupitia mpini, kwa sababu tuliongeza mwendo.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu. Nilisimama mlangoni, nikamwamkia, nikamwambia nina mbwa, kama haifai kuingia nitabaki hapo nje. Akanyamaza kidogo. "Amekauka?" akauliza. Nikamwambia amekauka. "Kikavu kwa kikavu hakuna neno. Ila akinilamba itabidi nioshe mara saba, moja kwa udongo, na adhuhuri imekaribia." Nikamlaza Nora kizingitini, mzee akatoka na boksi zima la zipu, tukachagua palepale, yeye akitaja rangi na mimi nikipima urefu kwa vidole. Nimepokelewa vibaya zaidi na watu wasio na sababu yoyote ya dini.

Nilirudi na bajaji. Habari za bodaboda zilikuwa zimenitangulia nyumbani, Moshi ni mji mdogo. Shangazi alikuwa analia. Mama hakusema kitu, aliendelea kumenya ndizi za mtori. Nikampeleka Nora nyuma ya nyumba ajisaidie, na bahasha yangu ya kaki mkononi, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019 na mji wetu unajisifia usafi. Niliporudi Mama akasema, kwa sauti ileile anayotumia kumtuma kaka, "Nyanya zimeisha. Nenda hapo gengeni, sado moja, usikawie."

Nilikwenda, nikarudi. Akaimimina sado kwenye beseni, nikasikia anazigeuza moja moja.

"Shilingi ngapi?"

"Elfu tano."

"Elfu tano! Na hizi mbili zimeoza. Umepunjwa."

"Mama, ni Desemba, kila kitu kimepanda."

"Desemba gani? Kesho nenda kwa yule wa kona, achana na huyo. Na umwambie ni mimi nimekutuma."