Siku moja maishani mwangu: natengeneza sabuni ya mawese hapa Kigoma

Watu wakisikia natengeneza sabuni nyumbani wanajua kazi yenyewe ni kukoroga tu. Unakoroga, unamwaga kwenye boksi, unakata, unauza, basi. Na wengine wanaona ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Leo nimeamua niandike Jumanne yangu iliyopita ilivokuwa, toka naamka mpaka nalala, muone wenyewe.

Saa 11 alfajiri. Baba watoto ndo anarudi kutoka ziwani, anavua kwenye kipe, ile mitumbwi ya kuvulia dagaa kwa taa, usiku kucha yuko majini. Namchemshia maji ya kuoga, nabandika chai, na kabla hata sijafagia naenda chumba cha nyuma kuangalia sabuni. Zamani kile chumba kilikuwa cha nyavu, saivi kina vichanja vya matete ukuta mzima na kila kichanja kina karatasi ya tarehe. Nachukua kipande cha siku tatu, nakilowesha, nagusa kwa ncha ya ulimi. Kama kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, bado ipo, inakupiga kama ukilamba betri. Haikupiga. Naendelea na mambo mengine.

Niseme nilivoingia kwenye hii kazi, maana wengi wananiuliza. Ni shida. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, samaki wazaliane, na nyumba yetu inakula kutoka ziwani. Tuko sita. Nikakaa na daftari nikaandika kila shilingi inayotoka, nikakuta sabuni peke yake, ya kufulia ya kuogea na ya vyombo, inatumaliza kuliko sukari. Na hapa Kigoma mawese yako mlangoni kwetu! Bibi yangu alikuwa anachuja maji ya majivu ya maganda ya ndizi, anapikia mawese, anapata sabuni nyeusi laini kama ugali wa moto. Ile haiwi ngumu hata uiache mwaka, ndivyo sabuni ya majivu ilivyo. Mi nilitaka ya kipande, ya kubeba, kwa hiyo nikaenda kujifunza ya kostiki soda kwa dada mmoja wa Ujiji. Mara yangu ya kwanza peke yangu nikatumia sufuria ya alumini. Kostiki inakula alumini. Ikachemka yenyewe bila moto, povu, moshi, sufuria nyeusi tii, lita tatu za mafuta nikazimwaga shimoni na nililia kabisa, maana yalikuwa ya mkopo. Toka siku hiyo ni ndoo ya plastiki ngumu na mwiko wa mti.

Saa 1 watoto shule. Saa 2 nakata mzigo wa juzi, nakata kwa waya sio kisu, kisu kinabomoa kona. Vipande 48, nimevipanga vyote vimesimama kwa ubavu visigusane ili upepo upite, nimeandika tarehe. Rangi yake ni ile ya ndizi iliyoiva vizuri, hiyo ni rangi ya mawese yenyewe, sijatia kitu.

Saa 3 bodaboda mpaka Mwanga, hapahapa mjini, kununua kostiki soda. Hapa siendi kwa bei, naenda kwa kutikisa. Soda nzuri inalia ndani ya kopo kama mchele mkavu, ikiwa imeshikana mabonge ujue imevuta unyevu na nguvu imepungua, utakoroga mpaka jioni na mafuta yatakaa juu yanakuangalia. Nikapata kopo zuri, nikarudi.

Saa 4 na nusu kupima. Kila kitu napima kwa mizani, hata mafuta, sipimi kwa lita, maana lita ya mafuta haifiki kilo, ni gramu 900 na kidogo, na ukikosea hapo umekosea kila kitu. Mzigo mmoja ni mawese kilo 3 na mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, kilo 1. Mawese yanaipa sabuni ugumu, mise inaleta povu. Kwa hesabu kamili hayo mafuta yanataka soda kama gramu 600, mi natia 570 ili kuwe na mafuta kidogo yanabaki ya kulainisha ngozi. Maji lita 1 na robo. Soda ndo inaingia kwenye maji, taratibu, kamwe usimwagie maji juu ya soda, itakurukia usoni. Inapanda joto mpaka ndoo huishiki. Nafanyia uani upande wa upepo, glavu, miwani, kitambaa puani, na mtoto mdogo nimempeleka kwa jirani. Nasubiri vyote viwe vuguvugu alafu naanza kukoroga.

Ilikuwa kama saa 6 hivi, nimekoroga nusu saa nzima, mchanganyiko ndo unaanza kuwa uji, ukiinua mwiko unaacha mstari juu, hapo zimebaki dakika chache umwage kwenye kalibu, lile boksi la kugandishia. Nikasikia hodi na hapohapo mtu keshaingia.

Mama mmoja wa makamo, simjui, ameelekezwa na watu. Nikamwambia shikamoo mama, karibu, naomba ukae pale mbali kidogo hii kitu ni kali, nimalizie dakika kumi tu. Akasema marahaba mwanangu mi sikai, nina haraka, binti yangu anaenda bweni, basi la Kasulu kesho alfajiri, nataka sabuni ishirini. Nikamwambia mama zilizokomaa ambazo hazina oda zimebaki tatu, zingine zote bado changa. Akauliza changa vipi, hizi si sabuni hizi? Kumbe ameshafika mlangoni kwenye chumba cha nyuma anaziona zimejaa ukutani. Kwa mtu asiyejua ni kweli, anaona mamia ya sabuni alafu mwenye nazo anasema hamna.

Nikamweleza. Zile za karibu zina siku 12. Soda imeshakufa lakini maji bado yamo mengi, ni laini, mtoto atazitumia wiki moja zimeyeyuka zote kwenye kisahani, na kwenye ngozi bado zina ukali kidogo. Nasubirisha wiki nne, na nikiwa na nafasi wiki sita. Akasema mwanangu sabuni ni sabuni. Akachukua moja akanusa. Akasema haina hata harufu, shilingi ngapi? Nikasema 800. Akashtuka kabisa, mia nane sabuni ya mtaani? Mwandiga wanauza mia tano! Na mafuta si mnakamua wenyewe huko? Nipe kwa 400 nichukue zote ishirini nikuondolee mzigo.

Mi huku nina glavu zina soda, siwezi kushika kitu, siwezi hata kujifuta jasho, linaingia jichoni na jicho siligusi. Na mkono wa kulia bado unakoroga. Nikimwacha huyu mama anaweza kugusa ndoo, nikiiacha ndoo inaganda. Nikaacha ndoo. Nilivua glavu, nikanawa kwa maji mengi, nikaenda kumtoa mle ndani kwa adabu.

Akakaa kwenye kigoda. Akapiga simu kwa mdogo wake akaweka spika, "huyu binti wa sabuni anaringa, anazo na hataki kuuza." Mdogo mtu anasema mwambie tutamletea wateja. Mi nimesimama nasikiliza. Aisee iliniuma. Sio ile bei, bei mtu anaruhusiwa kuomba apunguziwe. Iliniuma kuonekana nanyima, wakati mtu wa kwanza kulalamika mtoto akiwashwa mwili huko bweni angekuwa yeye huyuhuyu, na jina lililoharibika ni langu.

Nikaona maneno hayatoshi. Nikachukua kipande cha siku 12 nikakiweka kwenye mizani mbele yake, kikasoma gramu 114. Nikachukua kimoja cha miezi miwili, kikasoma 103, na vyote nilivikata 120. Nikamwambia mama hiyo tofauti ni maji, nikikuuzia hiki nimekuuzia maji. Bonyeza kwa kucha hapa, alafu bonyeza na hapa. Akabonyeza. Cha kwanza kucha ilizama, cha pili hakikuacha hata alama. Akanyamaza kidogo alafu akasema sasa mtoto wangu ataoga na nini?

Hapo ndo nilishindwa. Mi mwenyewe nilikaa bweni, najua kumaliza sabuni katikati ya muhula na kuanza kuomba kwa wenzako. Nikaingia ndani kwetu. Kuna kiboksi cha sabuni zetu za nyumbani, zimekomaa vizuri, zina miezi miwili na zaidi, ndo akiba yetu ya mwezi. Nikatoa saba, na zile tatu zikawa kumi. Akaanza tena, 400. Nikasema mama, gharama yangu mimi kwenye kipande kimoja inafika 420, mafuta, soda, karatasi, sijaweka mkono wangu wala mwezi mzima wa kusubiri. Tukaja tukamalizana kumi kwa 6,000. Akahesabu hela mara mbili, akafunga kwenye khanga, akaondoka akisema ungesema mapema mwanangu, tumepoteza muda.

Nikarudi kwenye ndoo. Dakika arobaini karibu. Uji ulikuwa umeshakuwa ugali. Haumwagiki, mwiko umesimama wenyewe katikati. Mzigo wa elfu ishirini ule. Nikavaa glavu tena, nikawa nachota kwa mkono nashindilia kwenye kalibu, nashindilia na ngumi, napigiza kalibu chini hewa itoke, nachota tena. Mgongo ulikuwa unawaka. Sabuni haijaharibika, itasafisha kama kawaida, ila juu imekaa mabonde mabonde na ndani lazima kuna vitundu, vipande vya hivyo siwezi kumpa mteja kwa 800. Vitakuwa vyetu sisi, badala ya vile saba.

Kula nilikula saa ngapi sijui. Nakumbuka nimefunika kalibu kwa blanketi la zamani, nimeosha vyombo vya soda, mtoto amerudishwa analia, baba watoto ameamka ameondoka tena ziwani, na jua limeanza kupungua nguvu na mi bado sijaenda Kibirizi, kule mwaloni wanakoanika dagaa, na Jumanne ndo siku yangu ya Kibirizi. Nikambeba mtoto, nikabeba na vipande 14 nilivowekewa oda.

Wale akina mama wanaoanika dagaa ndo wateja wangu wakubwa, na wananiheshimu, mafuta ya dagaa yanavyoshika mikononi wanajua ipi sabuni ipi urembo. Lakini mbalamwezi inakaribia. Mwezi ukiwa mpevu taa za mitumbwi hazivuti dagaa, wavuvi wanakaa nyumbani, na siku chache kabla kila mtu anaanza kubana hela. Kwa hiyo tisa nimelipwa taslimu, nne nimeandika kwenye daftari, moja nimelipwa kwa dagaa na nimefurahi kuliko hela maana ndo ilikuwa mboga ya jioni. Bibi mmoja pale huwa ananisalimia Kiha, mwidiwe, alafu ananishika viganja anavigeuza anaangalia kama soda imeniunguza. Kila wiki anaangalia. Hamna mtu mwingine anayeniuliza hilo.

Usiku watoto wamelala, nimekaa na daftari. Siku hizi nyumbani hatununui sabuni dukani kabisa, mwaka umepita, na ada ya mitihani ya mkubwa imetoka humu humu. Nikaandika: kumi kwa 6,000, tisa kwa 7,200, nne deni, moja dagaa. Nikaandika na mzigo wa leo, tarehe, "usiuze, wa nyumbani." Alafu nikaenda kuweka mkono juu ya blanketi. Nilikuwa na wasiwasi imepoa kabla ya wakati wake, lakini katikati kulikuwa na moto mzuri tu, sabuni inajipika yenyewe. Nikazima taa.