Eli Hakumfokea Samweli

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu kwa jina la Yesu.

Wiki hii nina mzigo moyoni, na nimeona nisikae nao peke yangu. Kuna mama mwenzetu, mtu wa maombi tangu ujana wake, ambaye hajasikika kwenye maombi ya jioni tangu yahamie kwenye simu. Nilikwenda kumjulia hali nikidhani anaumwa. Nikamkuta mzima, Biblia iko mezani na miwani juu yake. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, "Dada, mambo hayo ni ya vijana. Mimi naomba hapa hapa, Mungu ananisikia." Ni kweli, Mungu anamsikia. Lakini tumejuana siku nyingi, nikajua kuna neno amelibakiza. Tukakaa, tukazungumza mengine, na baadaye akalitoa mwenyewe. Alimuuliza mjukuu wake namna ya kuingia kwenye maombi, akaonyeshwa. Kesho yake akasahau, akauliza, akaonyeshwa tena. Mara ya tatu kijana akashusha pumzi kwa nguvu, akasema, "Bibi, si nilishakwambia?" Tangu jioni hiyo simu imebaki ya kupokelea tu.

Wazee wenzangu, pumzi hiyo mnaijua. Nami naijua. Kila programu inapobadilishwa sura, kitufe nilichokizoea kikahamishiwa pengine, napambana na swali lile lile: niulize tena, au ninyamaze nionekane nimechoka? Watu hudhani tunaogopa mashine. Wapo wanaoogopa, sikatai. Lakini mtu aliyelea watoto, akauguza wazazi wake mpaka akawazika, haogopi kipande cha kioo. Kinachomtisha ni kuonekana mjinga mbele ya mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika kijiko. Kwa hiyo anasema, "Hayo si ya umri wangu," na sisi tunalipokea neno hilo kana kwamba ndiyo habari yote, tunahitimisha kwamba wazee ni wagumu.

Fungueni 1 Samweli 3. Sura hii tumeihubiri miaka yote kwa upande wa Samweli, mtoto aliyeitika. Leo naomba mmwangalie Eli. Ni mzee, macho yake yameanza kupofuka, naye amelala. Mtoto anakuja mbio na kumwamsha: "Mimi hapa; maana umeniita." Hakumwita. Anamwambia akalale. Usingizi haujamrudia vizuri, mtoto yuleyule yuko tena kitandani pake na maneno yaleyale. Sikilizeni jibu la mzee huyu: "Mwanangu, mimi sikukuita, kalale tena." Alimwita mwanangu! Mara ya tatu mtoto akaja tena, hajabadilisha hata neno. Wengi wetu tungekuwa tumeshapandisha sauti. Eli akatulia, akatambua kwamba ni BWANA anayemwita kijana, akamfundisha maneno ya kujibu, akamrudisha akalale. Eli alikuwa na mapungufu yake, na Maandiko hayakumficha; nyumba yake mwenyewe ilimshinda. Lakini usiku ule alifanya jambo kubwa ambalo tunalipita haraka. Kama angemfokea Samweli mara ya pili, mtoto angeogopa kurudi mara ya tatu, na ni mara ya tatu ndipo Eli alipoelewa.

Vijana wangu, kwenu usiku ule umegeuka. Siku hizi anayekuja na swali lilelile ni mwenye mvi, na anayeamshwa ni wewe. Umetoka kazini umechoka, umejilaza, na mama yupo mlangoni na simu mkononi: "Hebu niangalie, imepotea tena." Jana ulimwonyesha. Juzi ulimwonyesha. Mwite "mama yangu," kama Eli alivyosema "mwanangu," umwonyeshe. Kumbukumbu ya mtu mzima hushika jambo jipya polepole, hushika kwa kurudia, na likishashika hukaa. Akija mara ya nne, shukuru kwamba bado anakuja, maana siku atakayoacha kuuliza hutaisikia. Hatakwaruzana na wewe. Atasema tu kwamba hayo ni mambo ya vijana, naye ataanza kukosa habari za misiba, za ndoa, za maombi, akiwa ndani ya nyumba yenye simu tano.

Na kuna jambo jingine mnalifanya kwa nia njema nalo linatuumiza. Mzee anauliza, kijana anasema, "Lete nikufanyie," anaichukua simu, kidole gumba kinapita huku na huku mara nne tano, kisha, "Haya, tayari." Imefanyika kweli. Aliyeuliza hajui kilichofanyika, na kesho atalazimika kuuliza tena, na tena atafokewa. Mimi aliyenifundisha kutuma ujumbe wa sauti ni binti mmoja wa shule ya Jumapili. Aliiweka simu mezani mbele yangu, akaikalia mikono yake yote miwili, kabisa, chini ya mapaja, akaniambia, "Bibi, bonyeza wewe." Nikabonyeza pasipo penyewe. Hakuitoa mikono. Nikakosea tena, ikafunguka kamera. Akasema, "Rudi nyuma, kile kimshale," na akangoja. Nilipofika kwenye ile alama ya kipaza sauti nikaishikilia, nikasema, "Bwana asifiwe," nikaachia, ikaondoka. Nilisikia furaha kama mwanafunzi aliyesoma mstari wake wa kwanza. Mungu amkumbuke binti yule. Vijana, kalieni mikono yenu!

Tena kabla hujasema bibi yako ni mzito wa kuelewa, angalia mwili wake. Kuanzia miaka ya 40 na kitu, jicho la mwanadamu hupoteza uwezo wa kuona vizuri vitu vya karibu. Kioo cha simu hutambua kidole kwa umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, na ngozi ya mzee ikikauka kioo huweza kukosa kumsikia kabisa. Anabonyeza kwa usahihi na simu imenyamaza, naye anadhani amekosea. Mkono ukitetemeka, kugusa hugeuka kuwa kushikilia, na simu humletea orodha nyingine ambayo hakuiomba. Ingia kwenye mipangilio, mkuzie maandishi. Simu nyingi zina sehemu ya kurekebisha muda wa kugusa, itafute. Mfundishe kulainisha vidole kidogo kabla ya kuanza. Hiyo nayo ni njia ya kumheshimu mwenye mvi kama torati ilivyoagiza, na haikugharimu hata senti.

Sasa neno kwa viongozi wetu, na nalisema kwa upendo lakini sitalipunguza. Katika Matendo 6 palikuwa na manung'uniko kwa sababu wajane fulani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema wajane hao wamebaki nyuma, wala hawakuwaambia wajitahidi kwenda na wakati. Waliteua watu saba waliojaa Roho na hekima wakalishughulikie. Ninyi mmehamisha matangazo, ratiba, maombi na michango yote kwenye simu, mkasema "tumeshatuma kwenye kundi," mkaona kazi imekwisha. Ni nani mmemteua kwa ajili ya wasioliona hilo kundi? Shirika la Afya Duniani linasema kufikia mwaka 2030 mtu 1 kati ya 6 duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi. Hao ndio walioomba mkaokoka. Tangazo likitumwa, lisomwe pia kwa sauti. Akiwepo asiyeweza kabisa, apigiwe simu ya kawaida au afuatwe kwake. Msiifanye teknolojia kuwa mlango mwembamba ambao Bwana hakuuweka.

Wazee wenzangu, nanyi sitawaacha. Msiseme vitu hivi ni vya watoto. Martin Cooper, aliyepiga simu ya kwanza ya mkononi hadharani tarehe 3 Aprili 1973, alizaliwa mwaka 1928. Masako Wakamiya, Mjapani aliyefanya kazi benki, alianza kujifunza kompyuta akiwa karibu na miaka 60. Mwaka 2017, akiwa na miaka 81, alitoa mchezo wa simu alioutengeneza mwenyewe kwa ajili ya wazee. Na Paulo, ambaye alijiita Paulo mzee, kifungoni na wakati wa kufariki kwake umefika, bado alimwagiza Timotheo amletee vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtu anayesubiri upanga anaagiza vitabu! Ninyi mna jioni nyingi mbele yenu.

Zaburi ya 71 tunaipenda kwa ule mstari wa tisa, "Usinitupe wakati wa uzee." Endeleeni hadi wa 18. Mwenye mvi yule anaomba asiachwe mpaka akieleze kizazi hiki nguvu za Mungu. Sasa kizazi hiki masikio yake yako wapi? Mnajua yaliko. Mjukuu wako hatakaa saa nzima usimulie jinsi Mungu alivyokuvusha, lakini ujumbe wa sauti wa dakika mbili atausikiliza akiwa njiani, na huenda akaurudia usiku akiwa peke yake. Una ushuhuda ambao wahubiri wa mtandaoni hawana. Usizikwe nao.

Hofu ya kutapeliwa siidharau, ni hofu ya haki. Isaka alikuwa mzee, haoni, na aliyemdanganya alikuwa wa nyumbani. "Sauti ni sauti ya Yakobo, lakini mikono ni mikono ya Esau." Alishuku, tena alishuku sawasawa. Alipapasa, akauliza, akanusa mavazi. Shida ni kwamba maswali yake yote alimuuliza yule yule aliyekuwa anamdanganya. Leo sauti ya mwanao inaweza kuigwa na kompyuta, ikalia na kuomba pesa haraka. Usimhoji anayepiga. Kata simu, kisha umpigie mwanao kwa namba unayoijua tangu zamani. Na zile tarakimu za siri zinazoletwa kwenye meseji usimsomee mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki, hata akianza kwa kukuombea.

Yupo pia Barzilai, mwenye miaka 80, aliyealikwa na mfalme Daudi aende kukaa Yerusalemu akakataa kwa adabu, akamtoa Kimhamu aende badala yake. Daudi alimbusu na kumbariki. Mzee akishaonyeshwa kwa upole, akapima, akasema hili nimelielewa lakini silitaki, mwacheni.

Bwana Yesu, wasamehe wanao waliotushushia pumzi, nasi utuondolee kiburi cha kunyamaza. Amina.

Yule mama nitamfuata Jumatano kabla ya maombi, na tutaingia pamoja, yeye akibonyeza mwenyewe. Itachukua muda, kwa hiyo wanaoongoza nawaomba msianze maombi kabla hamjaona jina lake. Na mzee mwingine yeyote anayetaka kujifunza, Jumapili baada ya ibada nitakuwa kwenye benchi la nyuma. Njoo na simu yenye chaji na miwani yako, na swali uliloliuliza jana uliulize tena.