Jinsi nilivyoielewa listi ya mameya wa Plymouth, toka 1439 mpaka leo

Anayekaa Plymouth, mji wa bandari kusini magharibi mwa Uingereza, anajua jina la Francis Drake, baharia wa karne ya 16, liko kila kona, kuna maduka ya Drake Circus, kuna kisiwa cha Drake pale mbele ya bandari, kuna sanamu yake kule juu Hoe, kilima cha wazi kando ya bandari, inaangalia bahari, ila ukimwambia mtu kwamba huyu bwana alishawahi kuwa meya wa mji huu wengi wanashangaa, hata wazungu wenyewe waliozaliwa hapa. Mi natokea Tanga, nimekulia kwenye mji wa bandari, na hapa Plymouth naishi muda sasa. Watu wetu wa Afrika Mashariki waliopo hapa, wengi manesi na walezi wa wazee, waliniomba niwaandalie matembezi ya mji kwa Kiswahili, nikasema sawa, lakini tusitembee kuangalia majengo tu, tutembee na mameya. Nikiwa na maana kila tunaposimama nitaje meya na kitu alichouachia mji.

Sasa kazi ikaja kwenye listi. Inaanza na William Ketrich mwaka 1439, mwaka ambao bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuufanya mji uwe na serikali yake, kabla ya hapo sehemu kubwa ilikuwa inaitwa Sutton na iko chini ya watawa wa Plympton. Wakazi walikuwa wanalilia hiyo sheria kwa sababu ya usalama, mwaka 1403 Wabretoni, watu wa Brittany ng'ambo kule Ufaransa, walikuja na meli wakachoma nyumba, na mpaka leo kuna mtaa unaitwa Bretonside. Mji usio na mamlaka yake hauna wa kukusanya kodi ukajenga ukuta. Kwa hiyo meya alianzia hapo, kwenye hofu ya kuvamiwa kutoka baharini. Toka huyo Ketrich unashuka majina mamia, kila mwaka mtu mwingine, na ukiisoma hivyo hivyo toka juu mpaka chini haikuingii kichwani kabisa.

Kitu cha kwanza kilichonifungulia njia ni kujua mwaka wa meya unaanza lini. Zamani meya alikuwa anaingia mwisho wa Septemba, kwa hiyo anakamata miezi mitatu ya mwaka mmoja na tisa ya mwaka unaofuata. Ukitaka kujua nani alikuwa meya wakati Armada, kundi la meli za kivita za Hispania, ilipokuja kuivamia Uingereza Julai 1588, ukaenda kwenye mstari wa 1588, unakutana na mtu aliyeingia vita vya baharini vimeshaisha, aliyekuwepo ni William Hawkins aliyeandikwa 1587. Na mpaka 1752 Waingereza walikuwa wanahesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, yaani karatasi ya Februari 1590 kwa hesabu yetu ni Februari 1591. Baada ya sheria ya manispaa ya 1835 meya akawa anaingia Novemba, halafu toka 1949 ni Mei. Nikachora daftari langu kwa miaka miwili miwili, 1581 mpaka 82, 1587 mpaka 88, mambo yakaanza kukaa sawa.

Cha pili, na hiki ndo kikubwa kuliko vyote kwangu, niliacha kufuata miaka nikafuata majina yanayojirudia. Kiti ni cha mwaka mmoja, mtu akikirudia mara mbili au tatu, na mwanawe akakikalia, na mjukuu, jiulize hiyo familia inakula wapi. Hawkins ni mfano ambao hauhitaji maelezo marefu. William Hawkins mzee alikuwa meya 1532 na tena 1538, mwanawe naye anaitwa William akawa meya mara tatu ikiwemo huo mwaka wa Armada, halafu mjukuu Richard akaingia 1603. Mzee alikuwa na meli inaitwa Paul, alikuwa anaituma pwani ya Afrika Magharibi na Brazil, na mwaka 1540 ilirudi Plymouth na mbao nyekundu za Brazil pamoja na pembe za ndovu kumi na mbili, kwenye karatasi za ushuru wa forodha wameziandika meno ya ndovu. Nilipofika hapa kwenye simulizi, mama mmoja wa Mombasa akanikatiza, "Mwanangu, hizo pembe walizinunua ama walizitwaa?" Nikamwambia mama yangu, za huyo mzee inaelekea zilikuwa za biashara, lakini mtoto wake mwingine, John, ambaye hakuwahi kuwa meya, mwaka 1562 alienda pwani ya Sierra Leone akabeba watu wapatao 300 akaenda kuwauza kisiwa cha Hispaniola kule Karibiani, na akarudia safari hiyo 1564 na 1567, na hiyo ya mwisho ndugu yao kijana, Francis Drake, alikuwemo. Watu wakanyamaza, ikabidi niwape nafasi.

Maana hapo ndo unaona kwamba umeya wa wakati ule haukuwa cheo cha kuvaa mkufu na kukata utepe. Mwenye meli ndo anayekaa na wenzake wenye meli wanamchagua mmoja wao, huyo meya ndo hakimu, ndo mwenye sauti kwenye bandari na ulinzi, na mzigo wa ndugu zake unashuka hapo hapo. Nesi mmoja kijana wa Kisumu akauliza, "Bro, kwa hivyo mwenye meli ndiye alikuwa anajisimamia mwenyewe?" Ndiyo, kabisa. Na ndo maana mi naona listi ya mameya inafaa isomwe na sisi Waafrika kwa macho makali, sio ya Wahawkins peke yao. Mwaka 2020 halmashauri ilitangaza kuliondoa jina la John Hawkins kwenye uwanja mmoja wa mji na kuweka la Jack Leslie, mchezaji mweusi wa Plymouth Argyle aliyeitwa timu ya taifa ya Uingereza 1925 halafu akaachwa kwa ajili ya rangi yake, na 2022 wakamsimamishia sanamu nje ya uwanja wa Home Park. Hapo tulipiga picha ya pamoja, watoto mbele.

Drake sasa. Alirudi Plymouth Septemba 1580 baada ya kuizunguka dunia miaka karibu mitatu, na mwaka unaofuata Septemba wakampa umeya, 1581 mpaka 82. Katika mwaka wake aliweka dira pale Hoe. Lakini kitu ambacho mji unamkumbuka nacho ni maji, na hilo lilikuja baadaye akiwa sio meya tena. Mji ulikuwa na shida ya maji kweli kweli, meli zinakuja kwa wingi, kila meli inataka mapipa yajazwe, na visima havitoshi. Sheria ya kuvuta maji ikapita 1585, Drake akiwa mbunge, kazi yenyewe ikaanza Desemba 1590 na maji yakaingia mjini tarehe 24 Aprili 1591, mfereji wa wazi unaokata vilima kutoka mto Meavy kule Dartmoor, nyanda za juu nje ya mji, kama kilomita 28. Manispaa ilimlipa paundi 300, mia mbili za kazi na mia za kufidia wenye ardhi, na yeye akapata vinu vya kusaga nafaka kwenye mfereji huo huo, kwa hiyo alifaidi pia, tusimfanye malaika. Wazee wa hapa wana hadithi kwamba Drake alipanda farasi mpaka Dartmoor, akaisemesha chemchemi maneno yake, akageuza farasi na maji yakamfuata nyuma ya mkia mpaka mjini. Hadithi kama hiyo pwani kwetu ingekaa vizuri sana kibarazani.

Na mpaka sasa kila mwaka meya na madiwani wanaenda kule kwenye bwawa la Burrator, lililofunguliwa 1898, wanakunywa maji kwa kumkumbuka Drake, halafu wanakunywa mvinyo kuwaombea wazao wa aliyewaletea maji wasije wakakosa mvinyo.

Hapa kuna kitu nilikikuta nikasimama kabisa. Tarehe 10 Aprili 1591, wiki mbili tu kabla ya maji ya Drake kufika, meli tatu zilitoka bandari hii hii ya Plymouth chini ya manahodha, akiwemo James Lancaster, kwenda Bahari ya Hindi. Moja iliyobeba wagonjwa ikarudishwa kutoka Afrika Kusini, moja ikapotea kwenye dhoruba, ikabaki Edward Bonaventure peke yake. Walifika Ngazija wakashuka kuchota maji, wakashambuliwa na kupoteza watu wapatao 30, halafu wakafika Zanzibar Novemba 1591 wakakaa mpaka Februari, na Wareno waliokuwepo pale wakawaonya wenyeji wasiwasogelee Waingereza, wakiwaambia ni watu wakatili wanaokula watu. Hiyo ndo meli ya kwanza ya Kiingereza tunayoijua kufika Zanzibar. Nilipoisimulia tukiwa tumesimama Barbican, mtaa wa bandari ya zamani, pale kwenye ngazi, dada mmoja wa Unguja alishika mdomo, akasema kumbe tunajuana na mji huu zamani hivyo.

Karne zinazofuata nilizipita haraka, nakiri hazinivutii vile, ila saa ya Derry huwezi kuiacha. William Derry alikuwa meya mwanzoni mwa miaka ya 1860, mtu wa benki, na alitoa paundi 220 za mfukoni mwake ili mji upate mnara wa saa, ukamalizika 1862. Ukisogea chini utaona mabeseni ya mawe ya chemchemi ya kunywea, yalijengwa lakini maji hayajawahi kutoka hapo. Gusa jiwe uone, liko kavu. Vizazi na vizazi vya wapenzi wa mji huu walikuwa wanaahidiana kukutana chini ya saa ya Derry.

Mwaka 1914 miji mitatu, Plymouth, Devonport na Stonehouse, ikaunganishwa, 1928 ukawa jiji, 1935 meya akapandishwa akawa Lord Mayor. Halafu inakuja vita. Waldorf Astor, mzaliwa wa New York, aliyewahi kuwa mbunge wa hapa na mkewe Nancy akamrithi 1919 akawa mwanamke wa kwanza kukaa bungeni Uingereza, alikuwa Lord Mayor toka 1939 mpaka 1944. Tarehe 20 Machi 1941 mfalme na malkia walikuja kuwatembelea, wakaondoka na treni, na usiku ule ule mabomu yakaanza kumwagika. Guildhall, jumba la manispaa lenyewe, likaungua likabaki kuta, na raia zaidi ya 1,100 wa mji walikufa katika mashambulizi ya vita hiyo. Mimi Astor namheshimu kwa kitu kimoja, hakungoja vita iishe, aliita wataalamu, Patrick Abercrombie na injinia wa mji Paton Watson, wakatoa mpango wa kuujenga upya mji wakati mabomu bado yanaweza kurudi. Zile barabara pana za katikati ya mji, Royal Parade na Armada Way, ni za mpango huo. Nyumba yao namba 3 Elliot Terrace, inayotazama Hoe, wakaiachia jiji, ndo Lord Mayor anapokelea wageni. Baada yao, 1945, akaingia Isaac Foot, wakili, baba yake Michael Foot aliyekuja kuongoza chama cha Labour.

Siku hizi Lord Mayor anachaguliwa na madiwani kila Mei, kama mstahiki meya wetu kule nyumbani anavyochaguliwa na madiwani, ila huku madaraka yako kwa kiongozi wa halmashauri, Lord Mayor anaendesha vikao na kuwakilisha mji tu.

Mwenye nia ya kufanya kitu kama hiki aende The Box, makumbusho yenye nyaraka za mji, aulizie Black Book, kitabu cha manispaa kilichoanza kuandikwa karne ya 16, wahudumu wanakusaidia bila shida. Anzia matembezi Barbican, panda Hoe, malizia Guildhall, ukifanya kinyume utakuwa unaanza na mabomu kabla ya meli. Devonport ilikuwa na mameya wake yenyewe toka 1837 mpaka 1914, wenzangu wameshaniomba na hiyo, naifanyia kazi sasa.