Riwaya ya Unguja ya 1964 ianze na kalenda

Riwaya nyingi za kuzaliwa kwa taifa huharibikia mahali pamoja: wahusika wanajua yatakayokuja. Mvuvi anaongea kama aliyekwisha kusoma kitabu cha historia. Kwa Unguja kosa hili ni rahisi mno, maana kila kitu kilitokea mbiombio. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakaja 12 Januari 1964, na Muungano ukathibitishwa 26 Aprili. Hizo ni siku 138 tu, na hakuna aliyeamka asubuhi ya siku ya kwanza akiijua ya mwisho.

Kwa hiyo kabla ya sura ya kwanza, chora kalenda yenye safu nne: tarehe, mwezi wa Kiislamu, mbalamwezi na upepo. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 12 Januari ulikuwa mwishoni mwa Shaabani. Mwezi mwandamo ulikuwa umebaki siku chache, kwa hiyo wanaume waliosogea kuelekea bohari ya silaha ya polisi Ziwani mnamo saa tisa za usiku walikwenda gizani. Ukiwamulikia mapanga yao kwa mbalamwezi, msomaji wa Unguja anayeijua kalenda ataifunga riwaya yako hapo hapo. Ramadhani iliingia wiki hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba kuanzia hapo hadi katikati ya Februari, Mwislamu wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, hanywi chai mchana, na amri ya kutotoka nje usiku inagonga moja kwa moja futari, tarawehe na daku. Hiyo ni migogoro ya bure, historia imekuandalia. Sijui kwa nini waandishi wanaipita.

Upepo nao una mipaka yake. Januari ni kaskazi, upepo utokao kaskazini, majahazi yanashuka kutoka Uarabuni. Mhusika anayetaka kukimbilia Maskati kwa jahazi wiki hiyo atakuwa anakwenda joshi dhidi ya kaskazi. Safari ya kurudi kaskazini husubiri kusi, upepo utokao kusini, kuanzia kama Aprili. Mkimbizi wa kweli angefikiria bara kwanza. Hata Sultani Jamshid aliondoka kwa meli, akanyimwa ruhusa ya kushuka Mombasa, akateremkia Dar es Salaam kabla ya kwenda Uingereza.

Baada ya kalenda, weka ramani ya nani anajua nini na tangu saa ngapi. Mtu wa Ziwani au Mtoni anasikia risasi usiku ule ule. Mtu wa Malindi ana habari tofauti, kwa sababu kituo cha polisi cha pale kilistahimili mashambulizi kwa muda zaidi. Aliye shamba anategemea redio, na redioni anamsikia John Okello, kiongozi wa waasi, sauti yenye lafudhi ngeni kabisa masikioni mwa mtu wa visiwani. Hapa usimfanye msikilizaji aseme "huyu ni Mganda." Mpe mshangao tu: nani huyu? Na usimtie mdomoni idadi ya waliokufa. Hadi leo watu wanabishana, sembuse mtu aliyejifungia ndani wiki ile. Mpe nyumba mbili tatu anazozijua.

Siasa zisifanywe za pande mbili. Katika uchaguzi wa Julai 1963, ASP (Afro-Shirazi Party) ilipata kura nyingi zaidi, kama asilimia 54, lakini viti 13 kati ya 31. ZNP (Zanzibar Nationalist Party), ambayo mtaani iliitwa Hizbu, ilipata 12 na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 6. Hizo mbili zikaungana, Mohammed Shamte akawa Waziri Mkuu. Hasira ya kura na viti iandike kwenye baraza la kahawa, mtu akihesabu kwa vidole, si kwenye hotuba. Halafu kuna Umma Party ya Abdulrahman Babu, iliyojitenga na Hizbu. Familia moja yenye kaka Hizbu, dada ASP na mdogo wao Umma haihitaji mhusika mwovu.

Vitu vidogo ndivyo vinavyomwumbua mwandishi. Fedha ni shilingi ya Afrika Mashariki, na senti tano na kumi zina tundu katikati. Shilingi ya Tanzania ilikuja 1966. Televisheni Unguja ilikuja miaka ya sabini. Na kosa ninalokutana nalo zaidi: mtu anasema "Tanzania" mwezi Aprili. Hati ilipotiwa saini na Nyerere na Karume tarehe 22 Aprili, nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina jipya lilitangazwa mwishoni mwa Oktoba. Miezi sita hiyo ni nzuri sana kwa mwandishi. Mpe kazi karani wa bandarini, mihuri ya zamani mezani, na mkubwa wake kila wiki anataka barua iandikwe jina tofauti.